Wakili wa milioni tatu na wakili wa bure: tathmini ya mteja

Kama ndugu yako ameshikwa kwa mauaji, na kabla ya kushikwa alikuwa anaumwa akili, na sasa hivi ukoo mzima unapitisha daftari la michango ili atafutwe wakili "mkali", shikeni kwanza hela zenu. Nimetumia mawakili wawili kwenye kesi moja ya namna hiyo. Mmoja nilimlipa mwenyewe, mwingine alipangwa na mahakama na sikumpa hata soda. Naweka tathmini ya wote wawili, maana nilipokuwa natafuta mtu wa kunieleza mambo haya kwa Kiswahili cha kawaida sikumpata.

Mimi nauza mashuka na mapazia ya mtumba Morogoro mjini. Kwenye biashara yetu belo linaweza kuwa limefungwa vizuri, utepe wa bluu, lebo ya Ulaya, ukilikata unakuta matambara. Mawakili nao wako hivyo.

Kesi yenyewe ni hii. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alimkata baba yetu mdogo kwa panga la kukatia miwa, huko Turiani, asubuhi, mke wa marehemu akiwa anaona. Marehemu ni wa kwetu na mshtakiwa ni wa kwetu. Wiki tuliyozika ndiyo wiki tuliyoanza kupeleka chakula mahabusu, na kuna mashangazi ambao mpaka leo hawajanisamehe kwa hilo la pili. Kwa hiyo nikiandika "tulishinda", ielewe kimahakama tu.

Alianza kuumwa akiwa kidato cha tatu. Kliniki ya akili waliandika skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo, wakamwanzishia haloperidol, baadaye sindano ya kila mwezi ya Modecate. Akiwa kwenye sindano alikuwa anakata miwa msimu mzima kama wenzake na analeta hela nyumbani. Akiikosa kwa muda anaanza kuongea na vyombo.

Wakili wa kwanza nilielekezwa na mteja wangu wa mapazia. Ofisi ina kiyoyozi, ina binti wa mapokezi, vyeti vimejaa ukutani. Bei milioni tatu, nusu mkononi kabla hajafungua faili, na juu yake "usumbufu" kila anapokwenda mahakamani. Hilo la usumbufu ndilo nataka ulisikie vizuri. Kesi ya mauaji inaanzia mahakama ya chini ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa anasomewa shtaka, anaambiwa asijibu kitu, dhamana kwa kosa hilo hakuna, kisha kesi inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa, mpaka upelelezi ukamilike na jalada lipande Mahakama Kuu. Wakili anasimama, anataja jina lake, upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka wa serikali, unasema upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine. Dakika mbili haziishi. Mimi nilikuwa nalipa ili mtu ataje jina lake. Mahabusu kumwona mteja hakwenda.

Nilimpelekea mfuko wa rambo wenye kadi zote za kliniki, fomu za kulazwa, hadi maboksi matupu ya dawa ambayo mama hakuwahi kuyatupa. Akauweka chini ya meza. "Dada, karatasi tutaziangalia baadaye, kwanza tujenge hoja."

Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, uchawi. Kwenye maelezo ya onyo yaliyoandikwa polisi, mdogo wangu anasema alimuua baba mdogo kwa sababu "alikuwa ananiroga". Wakili akalishika hilo neno kwa mikono miwili. Akanitajia kesi ya Uganda ya mwaka 1941, ambapo mtu alikutwa usiku anatambaa uchi kwenye boma la watu, wenye boma wakaamini ni mchawi yuko kazini, wakamuua, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikashusha kosa kutoka mauaji hadi kuua bila kukusudia kwa sababu walighadhibishwa palepale. Kesi hiyo ipo kweli, nimeshaisoma. Lakini baba mdogo hakuwa anatambaa uchi usiku. Alikuwa anapiga mswaki.

Hoja ya pili ilikuwa tukubaliane na Jamhuri, akiri kosa dogo la kuua bila kukusudia. Hapa nimtendee haki, si hoja ya kijinga. Mauaji ya kukusudia yana adhabu moja tu kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 197, kunyongwa, na wakati wa kesi yetu jaji hakuwa na pa kuchagua. Kenya majaji wao walifunguliwa mikono na Mahakama ya Juu mwaka 2017. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa Arusha, ilishasema mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji adhabu hiyo moja kunavunja haki ya kuishi, lakini kifungu kilikuwa bado kimekaa palepale. Kuua bila kukusudia kunaweza kufika kifungo cha maisha, ila jaji anaweza pia kutoa miaka michache, na miaka ina mwisho unaouhesabu. Utetezi wa ugonjwa wa akili ukikubaliwa hauna tarehe ya kutoka. Ziko familia zinazochagua miaka na mimi siwalaumu. Shida yangu na huyu bwana ni kwamba hakutuambia kuna kuchagua. Alishaamua, na aliamua kabla hajamwona mteja wake wala kugusa mfuko. Halafu mtu asiyejua yuko wapi anakirije kosa?

Jalada lilipopanda Mahakama Kuu akataka nusu iliyobaki pamoja na nyongeza. Hatukuwa nayo. Akajitoa kwa barua ya mistari minne. Nampa nyota moja, ya kiyoyozi.

Sasa wa pili. Kwa kosa la mauaji mshtakiwa asiye na hela hasimami peke yake Mahakama Kuu, mahakama inampangia wakili na serikali inalipa. Wanalipwa kidogo, na mtaani kuna msemo kwamba wakili wa bure anakutetea bure. Tuliyepangiwa ni mama wa makamo, viatu vya chini, begi la mgongoni kama la mwanafunzi. Shangazi alipomwona akasema tumekwisha.

Tulikutana kwenye benchi nje ya Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, yaani jengo la mahakama. Hakuuliza hoja. Aliuliza, "Sindano ya mwisho alichoma lini?" Nikampa mfuko (fotokopi nilizomwachia yule wa kwanza sijaziona mpaka leo, lakini kadi halisi nilikuwa nimebaki nazo, na wewe fanya hivyo). Akaumwaga wote juu ya benchi, akapanga karatasi kwa tarehe, akaokota vijiwe akaweka juu ya kila rundo zisipeperuke. Kadi ya kwanza. Kulazwa. Kadi ya pili, ile iliyomwagikiwa chai. Kisha akaweka kidole mahali patupu.

"Hapa katikati hakuna kitu mpaka siku ya tukio. Alikuwa wapi?"

Mama akainama. Alikuwa kwa fundi, kwa mganga, huko juu milima ya Nguru.

Nilisubiri agombe kama wanavyogomba manesi. Akaandika jina la kijiji, akauliza kama mganga huyo bado yuko hai, akasema, "Huyo atakuja mahakamani."

Siku hiyohiyo akatufundisha sheria. Kwenye Kanuni ya Adhabu kila mtu anahesabiwa ana akili timamu mpaka ionyeshwe vinginevyo. Kisha kifungu cha 13 kinasema mtu hawajibiki kama, wakati wa kutenda, kwa ugonjwa unaoathiri akili yake, hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kutambua kwamba hapaswi kukifanya, au hakuwa na udhibiti wa kitendo chake. Akatukazia hapo kwenye "wakati wa kutenda". Mtu anaweza kuwa na kadi za kliniki za miaka kumi na bado akatiwa hatiani, kama asubuhi ile alijua anachofanya. Na anaweza kusimama kizimbani amenyoa, anajibu vizuri, anacheka na askari magereza, na bado utetezi ukakubaliwa. Watu wa kwetu walikuwa wanapanga mdogo wangu akifika mahakamani avue shati na kuimba. Wakili akawaambia wakifanya hivyo yeye anaondoka.

Mambo mengine yote kwenye kesi ni mzigo wa Jamhuri kuthibitisha bila kuacha shaka. Hili la akili ni mzigo wa mshtakiwa, ila ni mwepesi zaidi: unatakiwa kuonyesha kwamba inaelekea kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Basi.

Uchawi aliumaliza palepale kwenye benchi. "Turiani wangapi wanaamini uchawi?" Nikasema karibu wote. "Wangapi wamewahi kumsikia baba yako mdogo akiongea ndani ya dumu la maji?" Hakuna. "Basi la kwanza ni imani ya watu, jaji ameshalisikia sana. La pili ni la mgonjwa. Tutaongea hilo la pili tu."

Siku ya kusomewa shtaka alisimama mapema kabisa akaeleza kwamba utetezi utakuwa ugonjwa wa akili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka usemwe hapo, mshtakiwa anapoulizwa anakiri au anakana. Jaji akaamuru apelekwe Isanga, Dodoma, ile taasisi iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, akachunguzwe. Daktari ana siku 42 za kuandika ripoti, lakini zinahesabiwa tangu mtu apokelewe huko. Kusubiri gari la kumpeleka hakumo kwenye 42, na muda wetu mwingi ulipotelea kwenye kusubiri gari.

Nilikuwa nafikiri daktari anampima kichwa kwenye mashine, jibu linatoka. Nilipokwenda Dodoma nikaona ni kazi ya macho na masikio. Wauguzi wanatazama anavyolala, anavyokula, kama anaongea peke yake wakati anadhani haonwi. Daktari anakaa naye, anamrudia tena siku nyingine na swali lilelile. Afisa ustawi wa jamii alitupigia simu mimi na mama, akauliza mambo ya utotoni, kuanguka mtini, degedege, bangi, kama kuna mwingine kwenye ukoo. Muuguzi mmoja aliniambia wanaojifanya huwa wanajifanya daktari akiwepo, saa nane za usiku wanalala kama watu wengine.

Ripoti ikasema ana skizofrenia na kwamba wakati wa tukio ugonjwa ulikuwa umemshika. Nikapiga kigelegele kwenye simu. Wakili akanikata. "Dada, ripoti haimfungi jaji." Ni kweli. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo mwaka 1993, kwamba maoni ya daktari ni ushahidi mmojawapo, na jaji akiwa na sababu nzuri anaweza kuyaweka pembeni. Na kwenye ripoti za sheria za mwaka 1980 imo kesi ya Dar es Salaam ya mama aliyewapa wanawe sumu, alijitetea kwa ugonjwa wa akili na akatiwa hatiani. Kwa hiyo mwenye karatasi ya daktari asijione amefika. Jaji anataka kujua mtu huyu alikuwaje kabla, alikuwaje saa ile, na alifanya nini baada ya hapo, na hayo daktari wa Dodoma hakuyaona kwa macho. Waliyaona watu wa nyumbani.

Hapo ndipo huyu mama alipoonyesha kazi yake. Aliniambia, "Wewe unaongea sana, utakaa ndani usikilize. Shahidi ni mama yako, kwa hiyo yeye akae nje mpaka aitwe." Nikakaa ndani. Kesi yote ikaenda kwa Kiswahili, hata mimi wa mitumba sikupotea.

Jamhuri walikuja na mambo matatu. Walisema kulikuwa na ugomvi wa shamba la mpunga. Walisema mshtakiwa anavuta bangi. Na walisema panga lilikutwa limechomekwa kwenye makuti ya paa la jiko, na mtu anayeficha panga anajua vizuri alichofanya. La tatu ndilo lililonitoa jasho, maana lina mantiki.

La ugomvi halikukaa sana. Shamba lenyewe lilishagawanywa mbele ya wazee, na mdogo wangu hakuwa na fungu. La bangi si kashfa, ni mtego wa kisheria, kwa sababu kwa kawaida aliyelewa kwa hiari yake hawezi kujificha nyuma ya ulevi wake, na Jamhuri walitaka kichaa kigeuke kuwa bangi. Wakili hakubishana. Alimwuliza polisi kama mshtakiwa alipimwa, akajibu hapana. Msokoto ulikutwa? Hapana. Habari za bangi alizipata wapi? Kijijini. Akakaa chini.

Kisha akaitwa mama mdogo, mjane wa marehemu, shahidi wa Jamhuri. Alieleza alichoona na sitakirudia. Zamu ya utetezi ilipofika wakili alianza kwa kumpa pole, akangoja aifute pua, ndipo akauliza.

"Mama, panga la miwa hapo kwenu huwa linakaa wapi?"

"Kwenye makuti ya jiko. Watoto wasilifikie."

"Nani alikuwa analirudisha hapo akitoka kwenye miwa?"

"Huyohuyo."

"Baada ya tukio alifanya nini?"

"Alirudisha panga. Akanawa. Akaja akakaa kwenye mkeka akaniomba chai."

Jaji akamwomba arudie taratibu, akaandika. Wakili akauliza kuhusu siku za kabla. Mama mdogo akasema aliacha kula chakula chake, alikuwa anasema anamsikia baba yake mdogo kwenye dumu. "Nikamwaga maji yote aone hakuna mtu. Akasema amehamia kwenye sufuria." Yule mama alikuwa na kila sababu ya kusema hakumbuki. Kwa upande wangu ushahidi wake ulifanya kazi kuliko ripoti, na wakili yeyote anayemshambulia shahidi wa namna hiyo kwa kelele, kama ninavyojua yule wa kiyoyozi angefanya, anajiharibia mwenyewe.

Mganga alikuja kweli. Alikuwa anaogopa kwamba akifika mahakamani atakamatwa yeye, na kumtoa huko juu ilikuwa shughuli ya kubembeleza kwa simu jioni baada ya jioni, wakili anaongea, mimi naongea, mama anaongea. Alikuja na kofia yake ya mkono, akaapa, akasema alimpokea kijana akiwa haelewi usiku na mchana, na kwamba alimfunga mnyororo mguuni kwenye mwembe.

Wakili wa Jamhuri akamwuliza kama yeye ni daktari. Akasema si daktari. Sasa alijuaje kwamba hajifanyi?

"Anayejifanya anaomba umfungue. Huyu mwenyewe aliomba nimfunge, akasema nikimwacha atakwenda kule."

Yule kijana wa Jamhuri alikuwa mwerevu, akalidaka hapohapo. "Kwa hiyo alijua kwamba kule atakwenda kufanya jambo baya?" Nikaona wakili wetu anaandika haraka. Baadaye kwenye majumuisho alilirudia jibu hilo yeye mwenyewe, hakulikimbia. Alisema ndiyo, inawezekana kuna nyakati mshtakiwa alijua, na ndiyo maana sheria yetu ina lile tawi la tatu la udhibiti. Mtu anayeomba afungwe mnyororo anakwambia kwamba mikono yake si yake tena. Sijui kama ndilo lililomshawishi jaji, lakini hukumu ilitaja mnyororo, ikataja chai, ikataja panga kurudishwa mahali pake pa siku zote, na ndipo ikafika kwenye ripoti ya daktari.

Uamuzi ukawa kwamba alitenda kitendo kile lakini, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hana hatia. Hapo kwenye "hana hatia" shangazi zangu walinyanyuka wakatoka. Kenya sheria yao inasema mtu ana hatia ya kitendo ila alikuwa na wazimu, na nadhani kwa familia kama yetu hilo lingemezeka kidogo. Wakili hakutuandaa kwa maneno hayo. Angetukalisha jioni moja tu, akawaeleza watu wa marehemu kwamba mahakama haijasema ndugu yao hakuuawa, tungeepuka matusi ya pale uwanjani. Nyota ya tano aliipoteza hapo.

Hakutuandaa pia kwa yanayofuata. Wengi wanadhani ukishinda kwa kichaa unarudi nyumbani kesho yake. Anarudi Isanga. Taarifa inakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria, na mkuu wa mahali anaposhikiliwa anatakiwa kumwandikia Waziri ripoti ya hali yake baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Huko juu nilisema hauna tarehe, sasa umeona. Hata huyo aliyesababisha kanuni hizi za utetezi wa wazimu hakurudi kwao. Ni Daniel M'Naghten, mchonga mbao wa Glasgow, ambaye mwaka 1843 aliamini chama cha Tory kinamwinda, akampiga risasi London Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Alionekana hana hatia kwa wazimu, nchi ikachafuka, Malkia Victoria akakasirika, majaji wakaitwa kwenye Baraza la Mabwana kueleza sheria inasemaje, na majibu yao yakasafiri na ukoloni mpaka huku. Yeye mwenyewe alifungiwa Bethlem, akahamishiwa Broadmoor, akafia huko mwaka 1865. Laiti mtu angenisimulia hiyo kabla sijapiga kigelegele.

Ila simlaumu sana kwa hilo. Serikali inamlipa mpaka hukumu, baada ya hapo hadaiwi kitu, na bado mara mojamoja anapokea simu yangu. Mara mojamoja, nimesema. Simu ndiyo udhaifu wake mkubwa, anaweza kukaa wiki kimya, kisha akakujibu saa tano usiku kwa maneno matatu. Kama wewe ni mtu wa presha utaumia. Nyota nne.

Kuhusu gharama, "bure" ni ya wakili tu. Mganga alikuja kwa bodaboda, halafu basi, gesti na chakula juu yetu. Fotokopi, mihuri, nauli ya mama. Dodoma zamani ilikuwa basi na vumbi, sasa tangu 2024 treni ya SGR inapita Morogoro na unaweza kwenda ukaonana naye ukageuza. Chukua na sabuni. Jumla yote haikufika hata ile nusu niliyotoa kwa yule wa kwanza.

Kama unazo hela na umepata wakili wa kulipa aliye mzuri, lipa, sisemi wote ni matambara. Mpime kwa swali lake la kwanza. Akiuliza kuhusu dawa, kliniki, na nani aliishi naye nyumba moja mwezi wa mwisho, kaa umsikilize. Akianza na bei na "hoja", nyanyuka. Wa kupangiwa humchagui, ila unaweza kwenda masjala ya Mahakama Kuu kuulizia kama ameshapangwa na ni nani. Ukishajua, mtafute na kadi zako mapema, kabla ya siku ya kusomewa shtaka. Usisubiri mkutane siku hiyo kwenye korido, kwa sababu kuna mawakili ambao ndiyo mara yao ya kwanza kumwona mteja, na utetezi huu unatakiwa kutamkwa asubuhi hiyohiyo.